Maji Juu ya Boriti

Jumamosi, 13 Januari 2024

Barua ya mwekezaji imesomwa leo, kwa simu kwa walio Muscat na Dar es Salaam, kwa mdomo kwa sisi tuliopo Unguja. Anaitaka nyumba ya babu ya Sokomuhogo kwa miaka 33. Kodi ya miaka mitano ya mwanzo atailipa kwa mkupuo, ukarabati juu yake, na mkataba ukiisha nyumba inarudi kwa warithi ikiwa katika hali bora kuliko alivyoikuta. Sentensi hiyo ya mwisho Ami kaisoma mara mbili, ya pili kwa sauti kubwa zaidi. Nikaomba michoro kabla sijasema lolote. Nachora nyumba za watu za Mji Mkongwe kila siku, na hii yetu sitaki kuizungumzia kwa hisia tu.

Michoro imefika magharibi. Vyumba 9 vya wageni katika ghorofa tatu, kila chumba na bafu lake. Juu ya paa mkahawa na kidimbwi cha kuogelea. Uso wa nyumba haukuguswa: mlango wa kuchonga uleule, roshani ileile, kuta nyeupe. Kwa mbele mchoro huu hauna kosa hata moja. Nimeukunja, nitaupitia tena baada ya kuipima nyumba mwenyewe.

Jumapili, 21 Januari

Nimeshinda Sokomuhogo na futi kamba, mpwa wangu akishika ncha ya pili. Kuta za chini unene wake sentimita 60, za juu 50. Vyumba virefu, vyembamba. Hakuna kilichozidi mita tatu kwa upana. Kijana kaniuliza kwa nini wazee walipenda kubanana. Nikamwonesha juu. Dari limelala juu ya boriti za mikoko, na mkoko ulionyooka na kunenepa vya kutosha hautoi mti mrefu kuliko hapo. Basi mti ndio uliopima chumba. Boriti hizo hizo zilipakiwa majahazini kutoka delta ya Rufiji mpaka Oman na Ghuba, na nyumba za kale za huko nazo zina vyumba vya upana huu huu. Binamu zetu wa Muscat wanaotaka nyumba hii ikodishwe wamekulia chini ya miti iliyokatwa msitu mmoja na hii.

Ukuta wenyewe una nyuso mbili za mawe ya matumbawe, na katikati yake vipande vidogo vilivyoshikwa kwa udongo mwekundu na chokaa. Ukibaki mkavu unaishi zaidi ya waliojenga na wajukuu zao. Ukilowa mwaka baada ya mwaka, udongo wa ndani unarudi kuwa tope, mawe yanakosa kinachoyashika, na ukuta unatoa tumbo. Nimelikuta tumbo la kwanza kwenye ngazi, nyuma ya msala wa ghorofa ya kwanza. Nikateremsha timazi: sentimita nne katika urefu wa mita mbili.

Halafu nikapanda juu ya meza kujaribu boriti za chumba cha nyuma. Katikati ya chumba mti ni mgumu, ukiugonga unalia mkavu. Nikasogea mpaka pale unapoingia ukutani, nikaweka ncha ya bisibisi. Ikazama mpaka mpini, bila nguvu. Nikaivuta, ikatoka na unga mweusi wenye unyevu, harufu ya kuvu. Boriti ya pili vilevile. Ya tatu nzima. Ya nne vilevile. Hakuna mtu aliyewahi kuziona ncha hizo tangu siku zilipowekwa, na ndizo zinazobeba sakafu anayotembelea Bibi mkubwa, anayekaa humu bado, kila asubuhi akienda kutawadha.

Kule nyuma marehemu baba alipiga lipu ya saruji mwaka ule tulipopata fedha. Alifanya kama walivyofanya wote; saruji ilikuwa ndiyo heshima. Chokaa hupitisha unyevu ukatoka nje na kukauka. Saruji huufungia ndani, chumvi inapanda, lipu inabanduka vipande vipande na kuondoka na uso wa jiwe.

Ijumaa, 2 Februari

Nimekwenda kumtazama Mzee wa chokaa, Kwahani. Macho yamepungua ila mikono bado. Nimempelekea vipande vya lipu ya ukuta wetu ndani ya mfuko. Kavipapasa, akakisaga kimoja kwa kidole gumba, akakitupa.

"Hii saruji, mwanangu. Nani kaitia?"

"Marehemu baba, Mzee."

"Mungu amrehemu. Itoeni yote. Msiipige kwa nyundo kubwa, mtalitikisa jiwe. Itoeni kwa tindo, taratibu, kuanzia juu."

Kanieleza habari za tanuu jinsi alivyoziona utotoni: magogo ya minazi yamepangwa duara, mawe ya matumbawe yamerundikwa juu, moto ukawaka usiku kucha, kisha chokaa ikaachwa nje miezi inywe mvua na umande mpaka ilainike. Dari likimwagwa, watu walipanga mstari na magongo bapa wakalipiga kwa siku kadhaa, wakiimba, mpaka chokaa na kokoto vikashikana na maji yakawa hayapiti. Nimemuuliza vijana wangapi anaowafundisha. Wawili, na mmoja kapata kazi ya kuendesha teksi uwanja wa ndege.

Hapa ndipo panaponiumiza. Ukarabati mzuri unataka chokaa iliyokaa, na chokaa inataka matumbawe na kuni. Unataka boriti, na mikoko inalindwa kwa sababu za haki kabisa: ndiyo inayozuia bahari isile ufukwe, na ndiyo malezi ya samaki. Kila jiwe jeupe la mji huu lilitoka baharini na kila dari lilitoka msituni. Hatuwezi kuuhifadhi mji kwa kuimaliza pwani. Mzee kasema boriti zilizokaushwa vizuri na zikakaa mbali na maji hazihitaji kubadilishwa ovyo. Asilimia kubwa ya zinazotupwa zimeozeshwa na mabomba. Nimeandika maneno hayo kama alivyoyasema.

Jumapili, 18 Februari

Wageni wa tamasha la Sauti za Busara wameondoka, vichochoro vinapitika. Mwaka jana visiwani waliingia watalii zaidi ya 600,000. Hakuna nyumba hapa isiyopata chochote kutoka kwao. Wateja wangu wengi ni wenye nyumba za wageni, na ada ya shule ya watoto wangu imetoka humo. Sipingi utalii. Nimekaa mchana wote na mchoro wa mwekezaji, na ninachokipinga kina jina: mabafu.

Nyumba hizi zilijengwa na watu waliooga kwa ndoo. Msala ulikuwa mmoja kila ghorofa, mmoja juu ya mwingine, upande mmoja wa nyumba, sakafu imesilibwa chokaa nene, na maji yake yote yana njia moja ya kutokea. Nyumba iliyobaki haikuguswa na maji. Ndiyo siri yake ya kuishi miaka 150. Mchoro huu unapeleka maji kila chumba. Nikikadiria lita 300 kwa chumba kwa siku, ni lita 2,700 zinazopanda na kushuka ndani ya kuta za udongo na chokaa. Matangi mawili ya lita 2,000 juu ya paa, tani nne yakijaa. Kidimbwi cha mita tatu kwa nne, kina cha mita moja, tani 12 za maji peke yake, kabla hujahesabu zege linaloyabeba. Yote haya juu ya boriti zinazoingia bisibisi. Viyoyozi 9 vinadondosha maji ukutani kutwa. Na bomba lolote duniani, siku moja huvuja.

Watu wakizungumza juu ya maendeleo kuuharibu Mji Mkongwe huwaza mnara wa vioo. Mnara unaonekana, utapigiwa kelele, utazuiwa au utapunguzwa ghorofa. Maji hayaonekani. Nimepita leo kutoka Sokomuhogo mpaka Kiponda nikitazama juu tu, na sikuacha kuona matangi meusi ya plastiki yamekaa juu ya mapaa yaliyojengwa kubeba mabati, paka na mvua.

Najua vilevile kwamba bafu ni haki ya mtu. Bibi mkubwa ana miaka zaidi ya 80 na usiku anatembea mpaka msalani. Asiambiwe na mtu yeyote, mtaalamu wala mpenzi wa majengo, kwamba ndoo ndiyo utamaduni wake. Kwa hiyo swali ninaloandika hapa kwa ajili yangu ni hili: nyumba hii inaweza kubeba maji kiasi gani, yapite wapi, na kwa ajili ya nani? Sijapata kuona fomu ya maombi yenye swali hilo.

Jumamosi, 9 Machi

Nimepita Forodhani jioni. Beit el Ajaib bado imezungushiwa uzio. Seyyid Barghash aliijenga mwaka 1883, nguzo za chuma, veranda kila ghorofa, baadaye umeme na lifti, vitu ambavyo Afrika Mashariki ilikuwa haijavizoea. Ilisimama siku mizinga ya Waingereza ilipoupiga mji tarehe 27 Agosti 1896. Tuliwahi kuingia humo kutazama mfano wa mtepe, jahazi lililoshonwa kwa kamba bila msumari. Mwaka 2012 sehemu yake ikaanguka, ikafungwa. Tarehe 25 Desemba 2020, fedha za Oman zimekuja, kazi inaendelea, mafundi wamo ndani, upande wa mbele ukashuka pamoja na mnara wa saa. Watu walikufa chini ya kifusi.

Siku ile nilikimbia mpaka pale na vumbi lilikuwa halijatulia. Nimelikumbuka leo tena na bado kifua kinanibana. Lile lilikuwa jengo linalopendwa kuliko yote, lenye picha kwenye kila kalenda, na wakubwa wa nchi mbili walikuwa nyuma yake. Katika hekta 96 za Mji Mkongwe zilizoandikwa Urithi wa Dunia mwaka 2000 yako majengo zaidi ya 1,700, na mengi hayana mtu wa kuyasemea isipokuwa mama anayeweka beseni chini ya tone.

Nikaendelea mpaka Shangani, kwenye Mambo Msiige, jumba la katikati ya karne ya 19 lililowahi kuwa ubalozi wa Uingereza. Sasa ni sehemu ya hoteli kubwa iliyofunguliwa mwaka 2015. Jumba la kale limetengenezwa vizuri, mawe yamepata chokaa yake, milango imesafishwa kwa mikono inayojua. Ugomvi ulikuwa juu ya jengo jipya ubavuni, na Kamati ya Urithi wa Dunia ililalamikia ukubwa wake. Ila mimi nilichokikosa ni kiwanja. Pale palikuwa wazi, watoto wakicheza mpira mpaka maji ya bahari yakawafukuza. Kwenye ramani kiwanja kitupu hakina thamani ya usanifu: hakina mlango wa kuchonga. Basi huwa cha kwanza kujengwa. Siku moja mtu ataorodhesha viwanja, mabaraza na visima kwa uzito uleule wa milango, na mimi nitajitolea kuvipima bure.

Jumatano, 27 Machi

Ramadhani, na masika yameingia kwa nguvu. Baada ya tarawehe usiku wa jana dari la jirani yetu wa kushoto limeshuka, chumba cha juu. Watoto walikuwa chini wakila daku mapema, alhamdulillahi. Nimeingia na tochi. Boriti tano zimekatika palepale kwenye ncha, kama zetu.

Ile ni nyumba ya wakfu. Aliyeiweka alikusudia pato lake liwasaidie mafukara mpaka siku ya Kiyama, na haiuziki. Nia hiyo peke yake imeziokoa nyumba nyingi za mji huu zisivunjwe. Lakini kodi ni ndogo, kwa sababu anayekaa ni fukara, na kodi ya mwaka mzima hainunui chokaa ya chumba kimoja. Sharti lile lile linaloikinga nyumba isiuzwe linaiacha bila fedha ya kujitengeneza.

Mama wa nyumba kaniambia alipokuja hapa kutoka Pemba alikuwa binti wa miaka sita. Baada ya Mapinduzi ya 1964 wenye nyumba wengi walikuwa wameondoka, Serikali ikazichukua nyumba zao na kuwapa watu waliokuwa hawana. Jumba la familia moja likakaliwa na familia tano, sita. Watu wengine huizungumzia hadithi hii kama kwamba hao ndio waliouharibu mji. Nimeisikia katika semina, kwa lugha laini, na nimeikataa hapo hapo. Waliingia katika nyumba bila hati, bila haki ya kurekebisha na bila mkopo, wakazikalia, wakapika humo, wakaziba matone kwa nailoni, wakazaa na kuzika. Nyumba isiyokaliwa hapa haimalizi masika matatu. Halafu kuanzia katikati ya miaka ya 1980 nyumba zikaanza kuuzwa, na waliozishikilia kwa miaka 20 wengi wao hawakuwa na fedha ya kununua.

"Mwanangu," kaniuliza, "hao wa urithi wakija, watatutoa?"

Nimemwambia hawamtoi. Ilinibidi nimwambie kitu, na nimemwambia ninachokitaka kiwe. Kesho nampelekea magogo ya kuegemezea dari la chumba cha pili.

Jumapili, 14 Aprili

Kikao cha familia baada ya Idd, nyumbani kwa Ami. Halua ya Muscat mezani, simu mbili zimesimamishwa kwenye vikombe ili walio mbali watuone.

Nilieleza maji, tani, ncha za boriti. Nilipitisha kipande cha boriti mkono kwa mkono, kikafanya vumbi kwenye mkeka. Kimya kidogo. Kisha Shangazi akasema.

"Nimekufahamu, na hesabu zako nimezisikia. Sasa sikiliza yangu. Mimi nina fungu langu katika nyumba ile, Mungu kaligawa, si mtu. Nimekaa na fungu hilo miaka mingi silioni wala silishiki. Figo zangu zinataka matibabu mwaka huu. Unaniambia nisichukue fedha ili ukuta usilowe?"

Sikuwa na jibu la haraka na sikulitafuta. Ana haki. Mirathi inampa kila mtu sehemu yake, na nyumba haikatiki kwa kisu. Kadiri vizazi vinavyokwenda warithi wanakuwa 20, 30, na hakuna anayekubali kutia shilingi kwenye paa ambalo ni lake kwa sehemu ya arobaini. Nyumba nyingi ninazozichora zimefika hapo. Mwekezaji ndiye mtu pekee anayeingia na fedha taslimu kwa wote kwa siku moja.

Kaka wa Dar es Salaam kasema mji unaoganda ni makumbusho, na yeye hataki watoto wake warithi makumbusho. Kataja Kariakoo, nyumba ya chini inavunjwa, ghorofa kumi zinasimama, warithi wote wanapata. Mpwa wangu akamjibu, na nimefurahi kumsikia: Liverpool ilifutwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2021 kwa ajili ya majengo mapya ya bandarini, Dresden mwaka 2009 kwa ajili ya daraja. Kaka akacheka, "Na watu wa huko wamekufa njaa?" Hawajafa. Mpwa akanyamaza. Kaka yuko sawa kwamba orodha peke yake haitoshi kuwa sababu. Nisingeitetea nyumba ya babu kwa hofu ya kufutwa jina na watu walioko Paris.

Nikasema sababu yangu. Miaka 33 ikiisha, hakuna hata mmoja katika watoto wetu atakayejua nyumba ile imekaaje ndani: wapi panavuja, ufunguo wa mlango mkubwa unazungushwa upande gani, jirani ni nani. Watarudishiwa hoteli kuukuu yenye mabomba ya miaka 33 ndani ya kuta za udongo. Na Bibi mkubwa atahamishiwa wapi? Hapo kila mtu akatazama chini, kwa sababu barua ya mwekezaji haikumtaja na sisi wenyewe tulikuwa hatujamtaja.

Ami kanipa muda mpaka mwisho wa Mei nilete mchoro mwingine, wenye fedha ndani yake. "Fedha ya kweli," kasema, "ya kumtibu dada yangu."

Jumapili, 5 Mei

Kimbunga Hidaya kimepita jana. Boti za Dar es Salaam zilisimamishwa, upepo ulivuma usiku kucha, bahari ya Mizingani ilipiga ukuta mpya wa pwani mawimbi yakaruka mpaka barabarani. Kwetu mabati mawili yameng'oka. Dari la jirani limeshikwa na magogo, halikushuka. Nyumba zimetulowea zote.

Jumamosi, 25 Mei

Nimemaliza. Usiku wa manane, mikono ina wino.

Ghorofa ya chini nzima ni ya kukodisha: duka mbele, karakana nyuma. Huko maji hayamdhuru mtu, sakafu ni ardhi. Ghorofa ya kwanza vyumba vitatu vya wageni. Ya pili ni ya familia, Bibi mkubwa na yeyote mwingine atakayetaka kukaa naye, na akiamua mpwa wangu kuoa, kuna chumba. Mabafu manne yote, yamepangwa juu ya misala ya zamani, bomba moja la kupanda na moja la kushuka, nje ya ukuta, upande wa ua, mahali ambapo likivuja kila mtu ataliona na kulalamika siku hiyo hiyo. Bibi mkubwa anapata bafu hatua nne kutoka kitandani. Matangi yamekaa ua wa chini juu ya zege, pampu inasukuma, na juu ya ngazi, penye kuta nne nene, tangi dogo la lita 500. Hakuna kidimbwi. Saruji ya nyuma inatolewa yote.

Kodi ya duka, karakana na vyumba vitatu ni karibu nusu ya aliyoahidi mwekezaji. Hilo nimeliandika kwa herufi kubwa ukurasa wa kwanza. Sitaki mtu aseme nimeficha. Ila mkataba ni wa miaka 10, na mkupuo wa mwanzo unakwenda kwanza kwa Shangazi, warithi wengine tunasubiri. Hilo nalo linataka sahihi zetu sote.

Nimefikiri pia juu ya mji, kwa sababu nyumba moja haiokoi mtaa. Mpango Mkuu wa 1994 wa kuuhifadhi Mji Mkongwe ulieleza vizuri majengo gani ni ya daraja lipi na yaguswe vipi. Ningeongeza mambo mawili, na nitayaandika kwa barua. Kila mtaa uwekewe kikomo cha nyumba zinazoruhusiwa kugeuzwa za wageni, kikifika kimefika. Na anayepewa kibali cha kugeuza nyumba alipie chokaa ya nyumba moja ya wakfu au ya Serikali katika mtaa huo huo, chokaa yenyewe, ipimwe kwa gunia, isiwe fedha ya mfuko fulani. Ofisi na maduka makubwa yanayobanana humu yapewe nafasi Ng'ambo, ambako mipango ya kuwa kitovu cha mji imekwisha chorwa na barabara zinapitisha gari. Ng'ambo nako kuna nyumba na mabaraza yanayostahili kulindwa, wasiende kule na tingatinga kana kwamba historia inaishia Darajani.

Jumamosi, 29 Juni

Kusi limekaza, hewa kavu, wakati mzuri wa chokaa.

Mwekezaji wa kwanza amejitoa. Vyumba vitatu havimlipi, kasema kwa adabu na nimemwamini. Ami alinuna wiki nzima. Kisha akaja mwenyewe na mtu mwingine, mfanyabiashara wa Mchangani, anataka ghorofa ya chini na vyumba vya ghorofa ya kwanza kwa masharti yetu isipokuwa moja: anaomba miaka 12. Tumempa. Kaka wa Dar es Salaam katia sahihi bila furaha, na kaandika kwenye ujumbe kwamba mkataba ukiisha atalileta tena jambo la kuuza. Ni haki yake, na nitakuwepo. Shangazi anasafiri kwenda hospitali tarehe 8 Julai.

Maombi ya kibali yamerudi na maswali mawili juu ya bomba la nje, kwa sababu litaonekana kutoka uchochoroni. Nimejibu kwamba nataka lionekane, na nimechora mbao za kulifunika zenye mlango wa kufungulia.

Jirani wa kushoto nimemwandikia maombi ya boriti tano kwa niaba yake na nimeyapeleka mwenyewe. Mzee wa chokaa anakuja Jumatatu na kijana wake aliyebaki. Kasema atakaa kwenye kiti ngazini, kijana atakuwa na tindo, na kila kipande cha saruji kitakachotoka apewe akishike kwanza.

Boriti zetu 14 zinashuka Malindi siku hiyo hiyo saa mbili asubuhi. Nikumbuke kumlipa mwenye rikwama nusu ya fedha kabla, na kuzipima ncha moja moja kabla hazijaingia ndani.